Urithi wa harufu

Mwaka 1973 Mobutu alitangaza zairianizasyo: magazini ya wageni, Wagiriki na Wahindi, yakapewa wana-inchi. Funguo zilipokelewa siku moja. Na ujuzi je?

Tuangalie jamaa zinazotengeneza vijiti vya ubani kule Mysore, Uhindi. Unga wa makaa unaviringishwa kwenye kijiti cha mwanzi, kisha kinachovywa katika manukato. Kipimo cha manukato, mara nyingi, baba anamuonyesha mtoto wake tu. Lakini wanaoviringisha ni wanawake wa kule, majumbani mwao, wakilipwa kwa kila vijiti 1.000, kipimo hawaambiwi. Basi urithi ni wa nani? Mimi nasema mikono yao pia njo urithi.

Na sisi wa Butembo na Beni, kijana wa dukani tunamufundisha hesabu, ao tunamupa ufagio tu?