Ahadi Iliyoimbwa Upya: Suala la Ikhlasi katika Nyimbo za Mapenzi za Suzanne Vega

Utangulizi

Wimbo wa mapenzi ni usemi wenye masharti ya pekee. Aghalabu huwa na nafsi ya kwanza inayonena na nafsi ya pili inayoambiwa, na hunena kana kwamba saa ile ndiyo saa pekee iliyopo. Hadithi yaweza kusimuliwa mara mia bila msimulizi kushtakiwa kwa uongo, kwa kuwa yaliyopita yamekwisha kupita. Lakini atamkaye kwamba anapenda hudai jambo juu ya moyo wake wa wakati ule ule anapotamka. Hapo ndipo panapozuka swali la kimaadili: msanii anayerudi studioni baada ya miaka ishirini au thelathini, akaimba tena maneno aliyomwimbia mtu ambaye pengine hampendi tena, je, husema kweli au hughilibu? Na ikiwa haghilibu, tendo lake ni la aina gani?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuangalia kazi ya Suzanne Vega, mtunzi na mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1959. Mwaka 2010 Vega alitoa albamu iitwayo Close-Up, Vol. 1: Love Songs, ya kwanza kati ya nne alizozikamilisha mwaka 2012, ambamo alirekodi upya nyimbo zake za zamani kwa sauti yake, gitaa na ala nyingine chache. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuimba upya wimbo wa mapenzi ni kutoa ushahidi, wala si kurudia kiapo. Na kwamba uchache wa ala una thamani ya kimaadili pale tu unapomfanya msanii awajibike kwa maneno yake.

Umiliki na Tuhuma ya Biashara

Kabla ya kulijadili suala la moyo, yafaa kulikabili suala la mali, maana hili ndilo huleta shaka ya kwanza. Sheria ya hakimiliki hutenganisha vitu viwili ambavyo msikilizaji wa kawaida huviona kuwa kimoja. Kuna wimbo, yaani maneno na lahani yake, ambao asili yake ni mali ya mtunzi. Kisha kuna rekodi, yaani uimbaji fulani ulionaswa siku fulani, ambayo kwa desturi ya mikataba ya karne ya 20 ilikuwa mali ya kampuni. Albamu za mwanzo za Vega, kuanzia ile ya mwaka 1985, zilitolewa na kampuni ya A&M. Nyimbo zilikuwa zake, lakini rekodi zake zilizopendwa na watu hazikuwa mikononi mwake. Baada ya kuachana na kampuni ya Blue Note, iliyotoa albamu yake ya mwaka 2007, aliamua kuzirekodi upya nyimbo hizo chini ya lebo yake mwenyewe, Amanuensis Productions, ili awe na rekodi anazozimiliki.

Mhakiki mkali aweza kusema kwamba hapo mjadala umekwisha: nyimbo za mapenzi zimeimbwa upya kwa ajili ya faida, na ikhlasi haina nafasi sokoni. Hoja hii ina udhaifu mkubwa. Rekodi za kwanza nazo zilifanywa kwa mkataba na kuuzwa dukani. Ikiwa fedha huondoa ukweli, basi iliuondoa tangu mwaka 1985. Aidha, sababu ya tendo na maana ya tendo ni mambo mawili. Fundi seremala huchonga kitanda cha harusi kwa ujira, na kitanda hakikosi kuwa cha harusi kwa sababu hiyo.

Ulinganisho mmoja utalibainisha jambo hili. Taylor Swift, aliyeanza mwaka 2021 kutoa rekodi mpya za albamu zake za awali baada ya rekodi asilia kuuzwa bila ridhaa yake, alisukumwa na sababu inayokaribiana na ya Vega. Hata hivyo, njia zao ni tofauti. Swift alijitahidi rekodi mpya zifanane na za zamani kadiri ilivyowezekana, ili mpya ichukue nafasi ya kale. Vega hakutafuta kufanana. Aliiacha sauti ya mtu wa miaka hamsini isikike kuwa ya mtu wa miaka hamsini. Msukumo wa kiuchumi, kwa hiyo, hautoshi kueleza kazi ya sanaa. Unaeleza kwa nini mlango ulifunguliwa, lakini hauelezi aliyeingia.

Ikhlasi: Kati ya Tolstoy na Wordsworth

Tolstoy, katika kitabu chake juu ya maana ya sanaa kilichotolewa mwishoni mwa karne ya 19, alishikilia kwamba sanaa ni kumwambukiza mwingine hisia ambazo msanii mwenyewe amezipitia, na kwamba ikhlasi ndiyo sharti kuu la maambukizo hayo. Kwa mizani hii, mwimbaji ambaye mapenzi yake yamekufa hana tena ugonjwa wa kuambukiza. Wordsworth, katika dibaji yake ya mwaka 1800, alikuwa na mtazamo mwingine: ushairi huanza hisia inapokumbukwa baada ya moyo kutulia. Kwa mizani hii, kuchelewa hakuharibu wimbo. Huenda ndiko hata kunakouivisha.

Wimbo wa "Gypsy" unaweza kuwa kipimo cha mitazamo hii miwili. Vega aliutunga akiwa na umri wa miaka 18, alipokuwa akifanya kazi katika kambi ya watoto, uwe zawadi ya kuagana na kijana mmoja kutoka Liverpool. Ulitokea katika albamu yake ya mwaka 1987, na ukarekodiwa upya mwaka 2010. Mwimbaji wa mara ya mwisho ni mke wa mtu mwingine, na ana binti aliye mdogo kwa miaka michache tu kuliko msichana yule alivyokuwa siku anatunga. Ni dhahiri kwamba hamwombi kijana yule chochote. Kama wimbo ni ombi, basi ombi hilo halina tena mwombaji wala mwombwa.

Njia rahisi ya kujitoa katika tatizo hili ni kusema kwamba anayenena katika wimbo ni nafsineni tu, si mtunzi. Kauli hii ni sahihi, na kila mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema. Walakini, ikitumiwa kama kinga humwondolea msanii kila wajibu: akisifiwa, wimbo ni wake, akiulizwa, wimbo ni wa nafsineni. Nyimbo za mapenzi hazistahimili mgawanyo huo kikamilifu, kwa sababu nguvu yake hutokana na hadhira kuamini kwamba kuna mtu aliyeyathubutu maneno yale.

Jibu lenye uzito zaidi hupatikana tukitofautisha ahadi na ushahidi. Anayeahidi hujifunga kwa siku zijazo. Anayeshuhudia hukiri jambo lililokuwako, na kukubali kwamba yeye ndiye aliyekuwako. Shahidi mwaminifu halazimiki kuona leo alichokiona jana, ila amelazimika asikibadilishe. Vega wa mwaka 2010 hasemi kwamba anampenda kijana wa Liverpool. Anasema kwamba maneno haya yalisemwa, na kinywa kilichoyasema ni hiki. Jina la lebo yake linaafikiana na tafsiri hii, kwani neno hilo la Kilatini humaanisha karani anayeandika anayosomewa na mwingine. Mwanamke mzima amekuwa karani wa msichana.

Uchache wa Ala

Sifa inayotajwa zaidi kuhusu rekodi za namna hii ni kwamba zimevuliwa mapambo, na kwa hiyo zina ukweli zaidi. Dhana hii yapasa kutazamwa kwa hadhari. Uchache nao ni pambo. Tangu kituo cha televisheni cha MTV kilipoanzisha kipindi cha Unplugged mwaka 1989, gitaa tupu limekuwa vazi la sokoni kama mavazi mengine, na msanii anaweza kulivaa ili aonekane mnyofu. Sauti iliyo karibu na maikrofoni imepimwa na kuchaguliwa na fundi sawasawa na sauti iliyozungukwa na ngoma na vinanda vya umeme.

Hata hivyo, uchache una kazi moja ambayo mapambo hayawezi kuifanya, na ushahidi wake umo katika historia ya wimbo mwingine wa Vega. "Tom's Diner", ambao si wa mapenzi, ulitolewa mwaka 1987 bila ala yoyote. Mwaka 1990 kikundi cha DNA cha Uingereza kiliuvika mdundo wa kudansia, ukavuma kote duniani. Wimbo ule ule, katika hali yake ya utupu, ulitumiwa na mhandisi Mjerumani Karlheinz Brandenburg alipokuwa akisawazisha mbinu ya kubana sauti iliyokuja kujulikana kama MP3. Aliuchagua kwa kuwa katika sauti isiyo na kiandamani kila kasoro husikika. Sauti iliyo peke yake haina pa kujificha.

Hapa ndipo thamani ya kimaadili ilipo. "Caramel", wimbo wa mwaka 1996 juu ya shauku inayojikanya yenyewe, ulitayarishwa na Mitchell Froom, aliyekuwa mume wa Vega wakati huo. Katika rekodi ile mpangilio wa muziki unashawishi hata kama maneno yangelegea. Katika rekodi ya mwaka 2010 ni maneno yanayobeba mzigo. Msikilizaji analetewa usemi wenyewe aupime: je, ulikuwa na uzito, au ulibebwa na ala? Msanii anayekubali kupimwa hivyo amewajibika, hata kama haoni tena shauku aliyoiimba.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatalishangaa jambo hili. Katika utendaji wa Kiafrika, kila uimbaji ni tukio jipya, na fanani hashtakiwi kwa kuwa hisia za jana si za leo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba hadi uzeeni nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji aliyerekodi santuri Bombay tangu mwaka 1928. Hakuna aliyemuuliza ajuza huyo ni nani aliyekuwa akimpenda. Rekodi ndiyo iliyoleta dhana kwamba uimbaji mmoja ndio asili na mingine ni nakala. Kurekodi upya, kwa maana hii, kunaurudishia wimbo hali yake ya kale ya kuwa kitu kinachotendwa.

Haki ya Aliyependwa

Linabaki swali zito kuliko yote. Wimbo wa mapenzi una mtu wa tatu ambaye hakimiliki haimtaji: yule aliyependwa. Hana hisa katika maneno, lahani wala rekodi, ilhali bila yeye pengine wimbo usingekuwako. Katika albamu hii, nyimbo za ujana zimewekwa kando ya zile za mwaka 2001, zilizofuata kuvunjika kwa ndoa ya Vega, na kando ya "Bound" wa mwaka 2007, uliozaliwa na ndoa yake ya pili. Je, huku si kuwapanga wapendwa kama bidhaa rafuni?

Mpangilio wenyewe unatoa jibu la kiasi. Nyimbo hazikufuatana kwa miaka. Wa 1987 unatangulia mmoja wa 1985, na "Bound" uko katikati, hauko mwisho. Kama "Bound" ungefunga albamu, mapenzi yote ya awali yangegeuka ngazi za kupandia kwenye penzi la sasa, na waliopendwa zamani wangekuwa makosa yaliyosahihishwa. Kwa jinsi zilivyopangwa, hakuna penzi linalolifuta jingine. Huu ni uadilifu wa aina fulani: kukataa kuiandika upya historia ya moyo kwa manufaa ya mshindi wa mwisho.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mwimbaji anayezirudia nyimbo zake za mapenzi hawi mwongo kwa sababu tu moyo wake umehama. Uongo ungekuwa kujifanya kwamba moyo haukuhama, au kujifanya kwamba haukuwahi kuwa pale. Kati ya uongo huo miwili kuna njia nyembamba ya ushahidi, na ndiyo inayopitwa na rekodi hizi. Gitaa tupu haliithibitishi ikhlasi ya mtu yeyote. Linamnyima msemaji kichaka cha kujificha tu, na kuwaachia wasikilizaji kazi ya kuamua kama maneno yaliyosemwa ujanani yalistahili kusemwa.