Subira Inadaiwa kwa Nani?

Tarehe 30 Aprili 2017, katika uwanja wa Cagliari kisiwani Sardinia, kiungo wa Pescara, Mghana Sulley Muntari, alizomewa kwa rangi ya ngozi yake. Alisimulia baadaye kwamba miongoni mwa waliomzomea walikuwamo watoto wadogo pamoja na wazazi wao. Aliwaendea, akawapa jezi yake, ili wajue kuwa jambo lile halifai. Kisha matusi yakazuka tena upande mwingine. Alipomlalamikia refa, akaonyeshwa kadi ya njano kwa kulalamika. Akatoka uwanjani, na kwa kutoka kule akapewa kadi ya pili.

Nafundisha madrasa hapa Tanga. Vijana wangu wakubwa huenda kibanda umiza kutazama ligi za Ulaya, kisha huja na maswali. Mmoja aliniuliza kuhusu Muntari: “Ustadhi, huyu si amekosa subira?”

Swali hilo liliniuma, kwa kuwa soka la Ulaya limelijibu vibaya miaka mingi. Mwaka 2005 Marc Zoro wa Messina aliubeba mpira mkononi ili aondoke nao. Wachezaji wa Inter wakambembeleza, akarudi. Mwaka 2006, huko Zaragoza, Samuel Eto'o wa Barcelona alianza kutoka, wenzake na wapinzani wakamzunguka wakimsihi abaki. Akabaki. Sishuku huruma yao. Lakini tazama ilielekea wapi: aliyeumizwa ndiye aliyetakiwa ajizuie.

Subira niliyofundishwa mimi haimzibi mtu mdomo. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe, na hakuna aliyemtoa katika safu ya wenye kusubiri. Basi Vinícius Júnior wa Real Madrid alipobubujikwa na machozi kwa matusi ya aina hiyo mbele ya waandishi jijini Madrid, Machi 2024, akisema hamu ya kucheza inazidi kumpungua, asihesabiwe kuwa dhaifu. Na katika Suratun Nisaa tunasoma kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, ila amemtoa humo aliyedhulumiwa. Yaani kilio cha mdhulumiwa kina ruhusa kutoka juu. Kadi ya Cagliari iliadhibu sauti hiyo hiyo.

Baada ya mechi, Muntari alifungiwa mchezo mmoja, adhabu iliyofutwa siku chache baadaye. Klabu ya Cagliari haikuguswa. Hoja iliyotolewa ni kwamba watukanaji walikuwa kama kumi tu, sehemu ndogo mno ya jukwaa. Hesabu hiyo siiwezi. Abu Dharr alikuwa mtu mmoja, tena sahaba, miongoni mwa waliotangulia kusilimu. Alipomtukana mtu kwa asili ya mama yake, Mtume alimwambia wazi kuwa bado ana ujahilia ndani yake. Haikuulizwa waliotukana ni wangapi. (Na sisi watu wa pwani tusiipite habari hii mbio. Mpaka leo zipo nyumba ambamo posa ikiletwa, watu hunong'ona babu wa kijana alikuwa mtumwa wa nani.)

Ipo pia ile hadithi ya kumsaidia ndugu yako, awe amedhulumiwa au awe dhalimu. Masahaba walishangaa: dhalimu asaidiwe vipi? Wakajibiwa, kwa kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo wanaokimbilia kumshika mkono Eto'o wana kazi nyingine jukwaani, na wasipoifanya wamewanyima haki watu wawili: mchezaji na yule anayelia kama nyani.

Muntari alitoka peke yake. Huko Udine, tarehe 20 Januari 2024, kipa Mike Maignan alipoondoka golini, wenzake wa Milan walitoka naye, na mchezo ukasimama. Walirudi baada ya dakika chache, wakashinda 3-2. Naamini kutoka na kurudi kule vyote vilikuwa subira. Baadaye Maignan aliandika maneno makali, na hayakuwalenga watukanaji peke yao. Aliwageukia pia waliokuwa majukwaani, walioona na kusikia kila kitu wakachagua kunyamaza, akawaita washiriki. Hapo ndipo nilipomwelekeza kijana wangu alipeleke swali lake la subira: kwa waliokaa bega kwa bega na mtukanaji, wakavumilia.