Deni la Marehemu

Mtu akishastaafu hupewa na watoto wake zawadi ambazo hakuziomba. Mimi nilipewa safari. Mwanangu wa kwanza, anayeishi Dar es Salaam, aliniita kutoka Tabora nikapumzike kwake wakati wa likizo ya shule, na siku ya tatu akatangaza mezani kwamba sote tungevuka kwenda Unguja kuutazama Mji Mkongwe. Tulikuwa watu sita: mimi, yeye, mkewe na wajukuu zangu watatu. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwaandaa walimu wa historia, na katika miaka hiyo yote sikupata kukanyaga Unguja. Nilikubali upesi kuliko umri wangu ulivyoruhusu.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Tulipita katika vichochoro vyembamba, tukatazama milango ya nakshi, tukasimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Wajukuu walipiga picha mpaka nikachoka kusimama. Kisha tukaenda Mkunazini.

Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa, hadi lilipofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani huyo aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza. Juu ya kiwanja hicho Askofu Edward Steere alijenga kanisa kuu la Kianglikana. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi, Clara Sörnäs. Tuliteremka pia katika vyumba vya chini ambavyo wageni huoneshwa. Wapo wanahistoria wasemao kuwa vyumba hivyo vilijengwa baada ya soko kufungwa. Lakini kwamba soko lilikuwapo pale, hakuna anayebisha.

Mjukuu wangu wa kati, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alizitazama sanamu kwa muda mrefu. Akamwuliza kiongozi wetu, "Hawa walitoka wapi?"

"Bara, walikotoka babu zako."

"Nani aliwakamata?"

"Waarabu."

Mtoto akanigeukia. "Babu, kumbe sisi ndio tuliokamatwa!"

Alisema kwa huzuni, lakini ndani ya huzuni ile mlikuwa na fahari kidogo, kama ya mtoto aliyekwisha kujua yuko upande gani katika mchezo. Wote wakaningoja mimi, mwalimu wa historia. Nikasema, "Tutazungumza baadaye." Hilo ndilo jibu nililowakataza wanachuo wangu wasilitoe kamwe darasani.

Jibu la kiongozi lilikuwa nusu ya ukweli. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili waliiendesha biashara ile, na wakubwa wao, kama Tippu Tip aliyefariki Unguja mwaka 1905, wanajulikana kwa majina. Lakini misafara iliyotoka Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo haikupita katika nchi isiyo na wenyewe. Babake Tippu Tip alioa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Wapo watemi waliouza mateka wa vita, na wapo Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira, wakarudi na faida, na kwa faida hiyo wakanunua watu wa kuwalimia mashamba. Nusu hii haimpunguzii dhambi mwenye soko. Lakini anayefundisha nusu moja tu anajua anachokificha.

Mimi nilijua. Babu yangu alinisimulia kuwa shamba letu kubwa la bondeni lilifyekwa na watu ambao babake aliwanunua, waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, na hata baada ya hapo watu wale hawakuwa na kwao pa kurudi. Wajukuu zao ndio majirani zetu hadi leo.

Mwaka 1974 kijana wa ukoo ule alimposa mdogo wangu wa kike. Baba alikataa kwa sentensi moja: hatuozi kwenye ukoo usio na shina. Dada yangu alinijia usiku akalia, akaniomba niseme na Baba, kwa kuwa mimi nilikuwa msomi na Baba alinisikiliza. Nilikuwa mwalimu kijana. Asubuhi nikiwafundisha watoto Azimio la Arusha na usawa wa binadamu. Kwa Baba sikusema neno. Dada aliolewa kwingine.

Hapa ndipo penye swali. Je, mtoto wa miaka kumi na mmoja abebeshwe aibu ya mtu aliyekufa kabla babu yake hajazaliwa? Wapo watakaosema kuwa ule ulikuwa wakati wao, tuwaachie wenyewe. Wengine watasema sote tuna hatia. Nimeyapima majibu yote mawili, na yote yananipa usingizi mzuri mno. La kwanza linanisamehe kwa sababu waliotenda wamekufa. La pili linanisamehe kwa sababu hatia ya watu wote haimgusi mtu yeyote.

Nimepata msaada katika desturi ambayo kila mmoja wetu ameishuhudia msibani. Kabla ya watu kutawanyika, msemaji wa familia husimama akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze. Hatusemi kwamba watoto ndio waliokopa. Hakuna anayewaita wezi. Lakini mirathi haigawanywi kabla ya deni kulipwa, kwa sababu si haki kurithi ng'ombe na kukataa deni lililowanunua. Hatia huzikwa na mwenyewe. Deni hubaki nyumbani. Nami shamba la bondeni ninalo. Limenisomesha, na mazao yake yamemsomesha baba wa mtoto huyu.

Jioni, pale Forodhani, nilimweka mjukuu wangu pembeni nikamwambia yote, na habari ya dada yangu pia. Nilimwambia kwamba katika ukoo wetu wapo walionunua watu, na kwamba yeye hakumnunua mtu. Alinyamaza, akala kipande cha muhogo. Kisha akauliza, "Bibi ulimwomba msamaha?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu maswali ya karne ya kumi na tisa. La mwaka 1974 sikuwa nimejiandaa nalo.

Niliporudi Tabora nilikwenda kwa dada yangu. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza niliyotakiwa kumweleza karibu miaka hamsini iliyopita. Hakuinua macho mara moja. Akaniuliza, "Kaka, nani amekutuma?" Nikamjibu kuwa ni mjukuu wangu. "Basi mlete nimwone," akasema, akaendelea kuchambua. Kama huo ni msamaha, sijui; sikuthubutu kuuliza.

Kuhusu shamba bado sijaamua. Kumgawia jirani kipande huenda kukawa haki, huenda pia kukamtangaza mbele ya kijiji kwa jina ambalo ukoo wake umejitahidi kulisahau. Jambo hilo siwezi kuliamua bila yeye mwenyewe. Lakini mwaka huu ukoo wetu utakapokutana nimeomba nafasi ya kusema, na nitaanza na ile sentensi moja ya Baba. Nitaitamka kama alivyoitamka, kisha nitasema kwamba nilikuwapo na nilinyamaza. Wajukuu watakuwapo. Nimeomba wasiondolewe.