Asiye na wa Kumsemea

Ndugu zangu katika imani, kabla Mtume wetu (s.a.w.) hajapewa utume, mfanyabiashara wa Zabid, Yemen, alifika Makka na bidhaa. Al-As bin Wail akazichukua, akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Akapanda mlima Abu Qubays, akapaza sauti mbele ya Maquraishi. Ndipo koo kadhaa zikakutana nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, zikaapa kusimama na aliyedhulumiwa, mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Mtume alikuwemo, na hata baada ya Uislamu alisema akiitwa kwenye kiapo cha namna ile ataitika. Hicho ndicho Hilful Fudhul.

Sasa mtazameni mama wa kwetu huku Makwale, wilayani Kyela, naye hana wa kumsemea. Ametoka kupasua kakao, vidole bado vinanata, amesimama mlangoni kwa mwalimu mkuu. Mwanawe hasikii vizuri, amewekwa dawati la nyuma, daftari lake limejaa sentensi zilizokatika katikati. Anaambiwa mtoto hafundishiki. Anajibu, "Sawa, mwalimu," anarudi nyumbani na mtoto.

Siwalaumu walimu, wengi wao wamebeba madarasa yaliyofurika. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto yule haki ya kusoma, na mama hakuwa na wa kumwambia hivyo.

Watu wa kumwambia wapo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria. Hawako chini ya mwalimu mkuu, na asiye na uwezo humsaidia bure. Wanajua kwamba fimbo shuleni hazizidi nne na huandikwa kwenye kitabu, na kwamba tangu Novemba 2021 binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi. Wanakusaidia kuandika barua. Nawe ukiipeleka, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri. Ipo pia simu ya mtoto, 116, haina malipo.

Najua mnachohofia: nikilalamika, mwanangu ataonewa zaidi. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana nasema mzazi asiende peke yake. Mwenye mashahidi haonewi kirahisi.

Leo baada ya swala, mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani asiondoke. Tutaandika barua hapa hapa, na Jumatatu wawili wetu watafuatana naye mpaka shuleni, na ikibidi mpaka halmashauri Kyela.