Ua la Yeriko

Katika nyika kavu karibu na Yeriko na Bahari ya Chumvi huota mmea mdogo wa ukoo wa alizeti. Mvua zikiisha, hufa. Majani yazungukayo ua hujikunja juu ya mbegu, yakakauka, yakawa magumu kama mti. Jua likiwaka hayafunguki kamwe. Lakini yakinyeshewa hufunguka. Mbegu chache hutoka, nyingine hubaki zikingoja mvua za miaka ijayo. Mmea umekufa, walakini mbegu zi hai.

Basi, enyi walimu na wazee wa usharika, mbona twafanya haraka kufuta majina? Yuko kijana aliyebatizwa na kufundishwa, kisha akaiacha Meza ya Bwana. Nasi twasema, Huyu amekufa. Amekauka, sikatai. Lakini Neno alilofundishwa bado limo ndani yake. Katika Isaya 55 Neno hilo hilo lalinganishwa na mvua. Naye ataipata wapi mvua hiyo, asipotembelewa? Mwendeeni nyumbani kwake, mkamsomee. Tena akitoa mbegu moja tu mwaka huu, msimkaripie kwa ajili ya zile zilizobaki.