Damu ya Kurithi

Tunapompigia makofi mshindi, hasa tunasifu nini? Swali hili limekuwa likinisumbua tangu niliposoma habari za Eero Mäntyranta, mwana wa Pello, kaskazini ya Ufini. Mwaka 1964, katika Olimpiki ya majira ya baridi mjini Innsbruck, alishinda mbio za skii za kilomita 15 na 30. Zile za 15 alishinda kwa zaidi ya sekunde 40. Watu wakanong'ona kwamba damu ya mtu huyu si bure.

Naam, haikuwa bure. Mwaka 1993 wataalamu walieleza kwamba ukoo wake umerithishana badiliko katika jeni ya kipokezi cha erithropoietini. Homoni hii hutoka kwenye figo na kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu zibebazo oksijeni. Kwa kawaida kipokezi kikishaitika, hunyamazishwa. Chao kilichelewa kunyamaza, na damu ikajaa chembe kuliko za wengine.

Leo mwanariadha akijidunga homoni hiyohiyo anafungiwa na kuitwa mwizi. Utasema, msomaji, kwamba huyu amedanganya na yule hakudanganya. Nakubali. Lakini jibu hilo linaeleza kwa nini tumwadhibu wa sindano. Halielezi kwa nini tumsifu aliyerithi.

Nadhani twasifu kile alichokifanya kwa alichopewa. Jamaa zake wengi walikuwa na damu hiyo wala hawakupata medali. Damu haimwamshi mtu alfajiri kwenda kwenye theluji. Ila hapo napo pana mtego, maana hata jinsi mwili unavyoitika mazoezi ina sehemu yake ya kurithi. Tukizidi kuchambua, huenda tusibakize cha kusifu.

Wala si jambo la Wafini peke yao. Mkalenjini akishinda, husemwa amezaliwa hivyo, ana miguu myembamba, amekulia nyanda za juu. Kana kwamba kila mtoto wa Iten, mita 2,400 juu ya bahari, amefika Olimpiki! Sifa ya namna hiyo humpokonya mtu jasho lake.

Na yule wa pili je? Innsbruck, katika mbio zote mbili, alikuwa Harald Grønningen wa Norwei. Miaka minne baadaye, kule Grenoble, walikutana tena katika kilomita 15. Grønningen alishinda, na Mäntyranta, mwenye damu ileile, akawa wa pili kwa sekunde zisizotimia mbili.