Kabla ya Treetops, Mwoneni Shosho

Wajukuu wangu, nimesikia mnachanga pesa mwende kuona mahali ilipokuwa Treetops ya kwanza. Nendeni, sina la kuwazuia. Ila kumbukeni kule ni ndani ya mbuga ya Aberdare: lipeni langoni, fuateni askari wa wanyamapori, na msishuke garini ovyo kupiga picha. Nyati hajui nani ni mwenyeji wa Tetu na nani ametoka Nairobi.

Mkifika, msitarajie ukuta wala msingi. Ile ilikuwa nyumba ya mbao, aliyoijenga Eric Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan, juu ya mti wa mugumo mwaka 1932. Wageni walipanda ngazi jioni, wakakesha wakitazama ndovu na vifaru wakija kunywa maji. Februari 1952 Elizabeth alilala hapo usiku ambao babake, Mfalme George wa Sita, alifariki Uingereza. Hayo mtasimuliwa na kila dereva wa watalii, kwa hiyo sitayarefusha. Mei 1954 wapiganaji wa msituni, waliokuwa wakimpinga mkoloni, waliichoma. Mwaka 1957 ikajengwa nyingine, kubwa zaidi, ng'ambo ya bwawa.

Lakini mwaka huohuo wa 1954 zilichomwa nyumba nyingine nyingi, na hizo hakuna anayelipa kiingilio kuziona. Kuanzia Juni, serikali ya mkoloni iliwaondoa watu wetu kwenye mashamba yao ili wasipeleke chakula msituni. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja wa Gikuyu, Embu na Meru walikuwa wamesukumwa katika vijiji zaidi ya 800. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka. Mama alipewa nafasi ya kutoa chungu, blanketi na mbuzi wawili. Nyasi za paa hazichukui muda kuungua. Palipopoa tuliona mawe matatu ya jiko, yamekaa vilevile alivyoyapanga, na viazi vya ghalani vimeiva ndani ya majivu. Tulivila. Njaa haina adabu.

Kijijini, nyumba mpya zilijengwa na kina mama, kwa maana wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Handaki lilizunguka, lenye vijiti vilivyochongwa ncha, na jioni kafyu. Ile Hali ya Hatari aliyoitangaza mkoloni ilipolegea, waliopimiwa ardhi walirudi shambani. Wasio na shamba walibaki, na mpaka leo kuna vijiji vya namna hiyo hapa Nyeri ambavyo watu wamezaliana humo na kuzikana humo, wengine wakihangaikia hatimiliki miaka nenda miaka rudi.

Basi hizo nyumba mzitafute pia. Mwulizeni shosho wa kila mmoja wenu boma lao lilikuwa wapi kabla ya kijiji. Akiweza kutembea, mpelekeni awaonyeshe. Pengine mimea ya itoka iliyopandwa mpakani bado inachipua, pengine ni mstari wa chai tu. Mkikuta mwenye shamba, msalimieni kwanza na mwelezeni mmekuja kusikiliza habari za zamani. Mipaka ilipimwa wakati wengine wako kizuizini, na kidonda hicho hakijapona. Mkiingia na maswali ya nani alichukua nini, mtafukuzwa kwa panga, na mtakuwa mmejitakia.

Tena msimlazimishe mtu. Homugadi, wale walinzi wa upande wa mkoloni, walikuwa wajomba zetu na majirani zetu, na zipo nyumba zilizochomwa na watu wa msituni pia, zikiwa na wenyewe ndani. Mzee akinyamaza, mnywesheni chai mzungumze habari za mvua. Huenda akaanza mwenyewe, siku nyingine. Akianza, simu iwekeni mfukoni na muandike kwa kalamu: jina la mto, jina la jirani, nani alimbeba nani. Wengi hushtuka wakiona wanarekodiwa, na sababu wanayo.

Treetops ina vitabu na picha zake, na mtazikuta hata mkienda mwakani. Waliokuwa watu wazima mwaka 1954 wamebaki wachache mno hapa Wamagana. Anzeni na wao Jumapili hii, baada ya kanisa, na mwende na sukari.